Fundi Aliyetoka Gofuni

Kila mtu alikuwa amelowa jasho isipokuwa Fundi.

Mama Pasi ndiye aliyeliona hilo kwanza, pengine kwa sababu ya kazi yake. Mtu anayefua na kupiga pasi nguo za watu hutazama shati kabla ya kutazama uso. Lile shati la bluu alikuwa amelinyoosha mwenyewe asubuhi. Kisiwa cha kwanza lililowa mgongoni, kisiwa cha pili likakauka na kuacha mistari ya chumvi. Sasa walikuwa kisiwa cha tatu, jua la utosini, na mumewe alikuwa anatoka ndani ya gofu la nyumba kubwa, shati lake halina jasho, halina chumvi, halina hata kunyanzi moja.

"Umebadilisha shati?" akamuuliza.

"Shati," Fundi akajibu, akatabasamu.

Basi. Hakuongeza neno. Na hapo Mama Pasi akamtazama tena usoni, maana mumewe hakuwa mtu wa neno moja.

Fundi alikuwa mwashi, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko mwiko wake. Alibishana na redio. Alibishana na mtangazaji wa mpira kana kwamba yule anamsikia. Mama yake mzazi akianza kusimulia jambo, yeye humalizia haraka haraka ili liishe: "Ndiyo, mama, ukaanguka, mtungi ukavunjika, tunajua." Mama mkwe hunyamaza, akakunja mikono mapajani, na wote huendelea na mambo yao.

Safari ile aliipanga wifi yake Mama Pasi, dada mdogo wa Fundi, msichana wa mapokezi hotelini ambaye alijua boti zote na manahodha wote. Alitaka mama yake atembee kidogo, atoke kwenye kile kiti chake cha barazani. Wakapanda boti ya watalii, visiwa vitatu kwa siku moja: cha kuogelea, cha kuangalia kasa, na cha mwisho, cha magofu ya mji wa kale ambao wenyewe waliuhama na hakuna anayejua vizuri kwa nini.

Kisiwa cha pili Mama Pasi na mumewe walikuwa wamekwaruzana. Fundi aliwaambia abiria wenzao jinsi mkewe anavyoogopa maji, akaigiza anavyoshika ukingo wa boti kama paka aliyetumbukia ndooni, watu wakacheka. Mama Pasi akamwambia kwa meno yaliyofungwa, "Laiti ungenyamaza, hata leo tu."

Ndiyo maana walipofika magofuni alimwacha atangulie.

Nyumba kubwa ilikuwa imezungushiwa kamba. Kibao kilisema usipite. Lakini mwambie mwashi asiguse ukuta wa mawe na chokaa uliosimama mamia ya miaka! Fundi aliiruka kamba huku akiwa anaongea bado, akaingia, wakamsikia akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, kama daktari anayepima kifua cha mgonjwa. Hiyo ndiyo tabia yake hata akienda msibani. Ko ko ko. Halafu upande wa pili wa ukuta ukajibu, taratibu zaidi: ko. Ko. Ko.

"Mwangwi," wifi alisema.

Kukawa kimya. Kimya kikawa kirefu. Kisha ndipo akatoka, mkavu, anatabasamu.

*

Walikaa kivulini kula mkate na ndizi walizobeba. Fundi aliketi chini, miguuni pa mama yake. Hakuwahi kukaa pale tangu awe na ndevu.

"Ukuta huu unanikumbusha kisima cha kwetu," mama mkwe alianza, kisha akasita, akisubiri kukatizwa.

"Kisha ikawaje, mama?" Fundi akauliza.

Kikongwe akamtazama. Akaendelea. Kila alipopumzika, mwanawe alisema kwa upole, "Kisha?" Kichwa chake alikiinamisha upande mmoja na macho hayakuondoka mdomoni mwa mama yake. Hakupepesa. Mama mkwe akasimulia kisima, akasimulia dada yake aliyekufa mdogo, akasimulia mambo ambayo Mama Pasi, miaka yote ya kuishi naye nyumba moja, hakuwahi kuyasikia. Uso wa kikongwe ulikuwa umechanua kama wa bi harusi.

"Leo kaka kalishwa nini?" wifi akanong'ona, anacheka.

Mama Pasi hakucheka. Mkate ulikuwa mkononi mwa Fundi tangu walipoketi na hakuung'ata. Sisimizi waliogombania makombo walitengeneza njia ya kumzunguka, mbali. Alipomsogelea kana kwamba anataka kumpa maji, akapata harufu, na harufu hiyo aliifahamu kuliko anavyofahamu marashi yake. Ni harufu ya nguo zilizofungiwa kabatini zikiwa mbichi, kabati likafungwa na watu wakasafiri.

Wakati huohuo, ndani ya nyumba kubwa, kitu kikagonga. Ko ko ko. Haraka haraka, kama kawaida yake.

Akaitazama mikono ya mumewe. Ilikuwa imetulia magotini.

"Kisha, mama?" Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda juu kidogo, kama mtu anayetaka kufunika sauti nyingine.

Mama Pasi akamvuta wifi nyuma ya nguzo iliyovunjika.

"Wifi, yule si kaka yako."

"Eti?"

"Sema polepole. Nisikilize. Hali, hatoki jasho, hana maneno. Na kuna mtu anagonga mle ndani, hujasikia?"

Wifi akamshika bega. "Wifi, jua limekuingia. Mimi nilikusikia kwa masikio yangu ukimwomba anyamaze. Kanyamaza. Sasa kunyamaza nako ni kosa? Mwangalie mama alivyofurahi! Waache. Hii furaha nimeitafuta miaka."

Maneno hayo yalimkata Mama Pasi maini, kwa kuwa yalikuwa na ukweli. Angeweza kuyaamini. Akarudi kivulini polepole, akijiambia labda ni jua, labda ni hasira ya asubuhi inamtafuta mchawi. Lakini roho haikutulia. Akaketi, akamenya ndizi, akauliza kama mtu anayeuliza tu:

"Hivi, ile ngazi ya kaka yangu ulimrudishia?"

"Nilimrudishia," Fundi akasema.

"Alisemaje?"

"Alishukuru. Anakusalimu."

Ndizi ikamponyoka. Kwao walizaliwa wasichana watupu. Mama Pasi hakuwahi kuwa na kaka, wa kuzaliwa wala wa kuokota.

"Una kaka," yule akasema taratibu, kama mtu anayetia kitu mfukoni. "Ana ngazi."

*

Kando ya kamba kulikuwa na mwanamke anafagia majani. Alikuwa wa makamo, kidole cha mguu kimefungwa kitambaa, uso wa mtu aliyechoshwa na wageni. Mama Pasi akamfuata.

"Dada, kuna mtu anagonga mle ndani."

Mfagiaji hakuinua kichwa. "Nasikia."

"Ni nani?"

"Ukiniuliza hayo utanifukuzisha kazi. Mimi nafagia mpaka kwenye kamba, basi." Kisha akatupa jicho kivulini. "Yule ni wako?"

"Shati ni langu. Mtu simjui."

Ufagio ukasimama. Yule mwanamke akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, halafu akashusha sauti mpaka ikawa kama majani anayoyafagia.

"Basi ushukuru umeona mapema. Mwenye nyumba hii hapendi kukaa peke yake. Anakaa anasikiliza. Anachojua ni mliyoyasema mkiwa hapa, zaidi ya hapo hajui kitu. Mimi mwenyewe hapa sitaji mambo ya kwangu. Sasa anataka kuondoka, na maji hawezi kuvuka mwenyewe, mpaka mmoja wa ndugu amvute kwa mkono. Akishavuka, aliyemo ukutani ndiyo keshakuwa wa ukutani."

"Nifanye nini?" Mama Pasi akauliza.

"Mwite wako. Usimwite kwa jina la watu wote, hilo huyu keshalisikia. Una neno la kumwita ambalo hujalitamka leo?"

Mama Pasi akainamisha uso. "Mke na mume hawakosi neno."

"Lisemee ukutani, chini kwa chini. Huyu akilisikia kabla ya mwenyewe, yeye ndiye atakayeitika."

"Twende wote, dada, nakuomba."

"Mimi?" Mfagiaji akaanza tena kufagia. "Nimekwambia. Mpaka kwenye kamba."

Ufukweni honi ya boti ikalia. Maji yalikuwa yanakupwa na nahodha hakutaka kukwama mchangani. Kivulini wifi alikwisha kuanza kukusanya vikapu, na mama mkwe alikuwa anainuka ameegemea mkono wa yule mwenye shati la bluu.

Mama Pasi akainama, akapita chini ya kamba.

Ndani kulikuwa na baridi. Paa lilikuwa limebaki nusu, popo wamening'inia kwenye nusu hiyo, na mwanga wa mchana ulioingia kwa juu ulikuwa unaishia katikati ya chumba kana kwamba umekatazwa kusonga mbele. Akagonga ukuta wa kwanza. Kimya. Akagonga wa pili. Kimya. Akasogea mpaka penye giza, mahali ambapo mawe yalikuwa yanatoka unyevunyevu kama shati lisilokamuliwa, akagonga kwa kifundo cha kidole jinsi alivyomwona mumewe akigonga maisha yao yote, ko ko ko, na kabla hajashusha mkono ukuta ukajibu, karibu, usawa wa kifua chake, ko ko ko ko ko, ugongaji wa mtu aliyekwisha kuchoka lakini hataki kuacha.

Akatafuta ufa kwa vidole. Akaupata. Akaweka mdomo wake pale, na lile neno likagoma kutoka.

Lilikuwa neno la siku za mwanzo, walipokuwa wanakaa chumba kimoja na jiko la mafuta, kabla watu hawajampachika yeye Mama Pasi na mumewe Fundi, na tangu lini hawajaitana hivyo, hata yeye hakukumbuka. Alipokuwa anahangaika nalo akasikia nyuma yake, mlangoni, unyayo ukishuka juu ya kokoto bila haraka, kisha mwingine, na ile harufu ya kabati ikaingia chumbani ikatangulia mbele ya mwenyewe, ikampita mabegani, ikamjaa puani.

"Jua limekuingia, wifi," sauti ya Fundi ikasema.

Hakugeuka.

"Nilikusikia kwa masikio yangu," ile sauti ikaendelea, ikiokota maneno ya watu mmoja mmoja. "Kanyamaza. Sasa kunyamaza nako ni kosa? Sema. Unataka kusema. Sema, mimi nasikiliza."

Unyayo mwingine ukashuka. Alihisi baridi yake mgongoni, baridi ya nguo iliyolala uani usiku kucha, na ingawa hakuna kilichomgusa nywele zake za kisogoni zilisimama moja moja, na kichwa cha yule, alijua bila kutazama, kilikuwa kimeinama upande mmoja vilevile kama kilivyoinama miguuni pa mama mkwe, sikio limeelekezwa kwake, linangoja, lina subira ya mawe yenyewe, na Mama Pasi akaziba pande zote mbili za mdomo wake kwa viganja, akaubana uso ukutani mpaka pua ikachubuka, na badala ya kulisema lile neno akalipulizia, pumzi tupu, bila sauti, kama mtu anavyopulizia jicho la mtoto lililoingia vumbi.

"Sikusikia," yule akasema, sasa karibu kabisa na sikio lake. "Sema tena."

Akalipulizia mara ya pili.

"Sema tena!"

Kugonga kukakoma. Akajua ama ameitikiwa ama amemuua. Kisha nyuma yake kokoto zikatimuka. Yule alikuwa anaondoka, anakimbia, hatua nyepesi mno kwa mwili mkubwa vile, zikielekea ufukweni.

Na pale kwenye kona, ambapo hapakuwa na mlango, mtu akapiga chafya.

"Wewe mwanamke!" Fundi akatokea anajipangusa, nywele nyeupe kwa chokaa, shati limemng'ang'ania mwilini kwa jasho. "Nimekuita mpaka koo limekauka! Mlango ulikuwa hapahapa, nikageuka, hakuna mlango. Nikasema mimi ni mwashi, sifii kwenye ukuta wa mtu, nikaanza kugonga nitafute penye uwazi, halafu nakusikia unaniita, tena kwa lile jina, nikasema leo huyu ama kanisamehe ama nakufa..."

Mama Pasi akamkumbatia, akanusa shati. Jasho, chumvi na chokaa.

"Kimbia," akasema. "Mama yako."

*

Boti ilikuwa imegeuzwa, pua yake inatazama baharini. Abiria wengine walikwisha kukaa. Mama mkwe alikuwa kwenye ngazi ya nyuma, ameinama, mkono mmoja ameshika chuma na mwingine ameunyoosha. Ukingoni mwa maji alisimama yule. Mawimbi madogo yalifika karibu na miguu yake na kurudi bila kuigusa.

"Nipe mkono, mama," alikuwa anasema kwa adabu. "Tukae. Unisimulie."

Vidole vyao vilikwisha kushikana.

"Mama!" Fundi akapiga ukelele kutoka juu ya mchanga. "Mama, mwache huyo!"

Wifi akageuka. Akamwona kaka yake anakimbia na akamwona kaka yake amesimama, kikapu kikamtoka mkononi, akaketi sakafuni mwa boti. Nahodha akatazama pembeni, kama mtu asiyetaka kuja kuwa shahidi wa jambo. Lakini mama mkwe alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kwa utulivu, kama anayechagua kitambaa dukani.

Hakuuachia ule mkono. Akaukaza.

Mama Pasi hakukumbuka kwamba anaogopa maji. Aliingia mpaka magotini, akamkamata mama mkwe kifundo cha mkono, akaanza kubandua vidole vya yule kimoja kimoja. Vilikuwa baridi, laini, havina mifupa ya kutosha. Kila alichokibandua kilirudi. "Mama, achia!" alilia. "Achia, nakuomba!" Kikongwe hakuachia. Fundi akafika, akapanda botini, akamkumbatia mama yake kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu zake zote za kubeba mawe, na mikono ikaachana kwa sauti ndogo ya kitambaa kinachochanika.

Yule akamtazama Mama Pasi. Usoni hakuwa na hasira hata kidogo.

"Kisha ikawaje?" akauliza.

Halafu hakuna mtu. Mchanga pale alipokuwa amesimama ulikuwa mkavu na laini, hauna alama ya mguu.

*

Njia nzima ya kurudi Mama Pasi alimshikilia mama mkwe mkono.

Nyumbani mambo yalirudi taratibu. Fundi alirudi kazini, alirudi kubishana na redio, ila kuta hagongi tena. Akiiona mikono yake inaelekea ukutani huitia mfukoni. Wifi hakutaka kuzungumzia habari hiyo kabisa. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake barazani, nje ya chumba cha kupigia pasi, mikono mapajani, ule wa kule kwenye boti ameufumba kama anayeficha kitu.

Siku moja Mama Pasi alizima pasi, akatoka, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nina jambo linanikera rohoni. Pale kwenye boti, wakati Fundi anakuita. Hukujua yupi ni mwanao?"

"Nilijua."

"Ulijua pale?"

"Mwanangu nimemzaa mimi," mama mkwe akasema. "Nilijua tangu anatoka mlangoni mwa ile nyumba. Hajakaa hata chini, nikajua huyu si wangu."

"Na mkono ukampa?" Mama Pasi akauliza.

Kikongwe akatazama barabara, watu wakipita na mambo yao.

"Alinisikiliza," akasema.

Mama Pasi hakumficha mumewe. Kuanzia hapo Fundi, kwa hofu na kwa aibu, akajifunza. Kila akitoka kazini huvuta kigoda, hukaa miguuni pa mama yake, huuma ulimi na kusikiliza. Anajitahidi, masikini. Lakini mtu aliyeshinda juani anabeba mawe usingizi humchukua hata akiwa ameketi, na mara nyingi hadithi haijafika katikati, kidevu chake kimeshaanguka kifuani.

Jioni moja jua likiwa halijazama, Mama Pasi alikuwa ananyoosha mashuka ya hoteli, dirisha liko wazi. Alimsikia Fundi akianza kukoroma. Akamsikia mama mkwe akinyamaza. Akasubiri asikie kile kiti kikilia, jinsi kinavyolia kikongwe anapoinuka kwenda ndani.

Kiti hakikulia. Mama mkwe aliendelea na hadithi, sauti ya chini, ya kirafiki. Alifika mahali akapumzika, kidogo tu, kiasi cha mtu kuuliza neno moja. Kisha akacheka kama msichana, akajibu:

"Ngoja, nakuja huko."

Mama Pasi akasimama na pasi hewani. Kupitia dirishani, ikipita mvuke na sabuni, harufu ya kabati lililofungwa ikaanza kuingia.